Suruali Isiyobana

Shemeji yangu hakuwahi kulalamika kwamba suruali inambana, kwa sababu katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kuvaa suruali iliyombana. Dada yangu hakuruhusu. Dada ni fundi cherehani, na alikuwa akisema kwamba mke mwenye cherehani hana kisingizio cha kumwacha mumewe atembee na kifungo kinachoomba msaada. Alisema hivyo akicheka, na mimi nilicheka naye, maana siku hizo lilikuwa jambo la kuchekesha kweli.

Duka lao lilikuwa moja lenye milango miwili. Mlango wa kushoto ulikuwa wa kinyozi, yaani shemeji. Wa kulia ulikuwa wa dada, nami nilikaa pembeni yake na pasi yangu na kopo la vifungo, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu hadi leo: vifungo, matundu ya vifungo na kupiga pasi. Katikati yetu palikuwa na ukuta wa mbao ambao haukuzuia chochote. Tulisikia mashine ya kunyolea ikinguruma, tulisikia umbea wa wanaume, ambao nawaambia unauzidi wa wanawake mara mbili, na tulisikia kila mteja alivyoingia na kusema, "Bonge, habari za leo?"

Jina hilo walimpa tangu ujanani, wakati hata hakuwa mnene wa kutisha, alikuwa tu na mashavu. Alilipokea kwa mikono miwili. Alilichora juu ya mlango wake kwa rangi nyekundu, Kinyozi Bonge, na watoto walipolisoma kwa sauti alitoka nje kuwapungia mkono. Mimi sikulipenda. Mdomo wangu hauna breki, kwa hiyo nilimwambia waziwazi kwamba mtu akikuita kwa mwili wako anakutaka ubaki nao. Akaniambia, "Shemeji, wewe una wivu, hakuna anayekuita lolote." Hatukuachiana hivihivi na shemeji, kila siku ilikuwa lazima tuchokozane kabla ya chai.

Lakini dada alijua kitu ambacho wateja hawakukijua. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao, shemeji alialikwa harusini kwa rafiki yake, akainama kuokota mwavuli wa mama mmoja, na suruali ikachanika nyuma kutoka juu hadi chini. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote, akajifunga koti kiunoni na kucheza muziki hivyo hivyo. Waliporudi nyumbani alikaa ukingoni mwa kitanda, hakula, hakuongea, na dada alipomgusa bega aligundua kwamba analia. Siku ya pili alikata kitambaa cha bluu iliyoiva, akamshonea suruali mpya yenye nafasi, na tangu hapo akaapa moyoni kwamba mume wake hatachekwa tena kwa sababu ya mshono.

Suruali ya mwanamume ina kitambaa cha ziada kinachofichwa ndani ya mshono wa nyuma. Sisi mafundi tunakiita akiba. Mtu akinenepa, unafumua, unaachia kidogo, unashona tena, na kwa nje huoni kitu. Dada aliacha akiba kubwa katika suruali zote za mumewe. Kila baada ya muda, nguo zikitoka kufuliwa, aliingiza kidole kiunoni, akapima kwa macho, akafumua, akaachia. Akiba ikiisha, alikata suruali mpya katika jora lilelile la bluu na mimi nikahamishia vifungo vya ile ya zamani. Shemeji alivaa, akafunga mkanda, akaondoka zake akipiga mluzi. Hakuambiwa, na hakuwa na sababu ya kuuliza.

Na kioo chake cha dukani hakikumsaidia. Kilianzia juu ya rafu ya poda na brashi, kwa hiyo aliyesimama nyuma ya kiti alijiona kuanzia kifuani kwenda juu tu. Kutwa nzima shemeji alijitazama humo, na alichokiona ni uso mzuri, ndevu zilizochongwa vizuri na shati jeupe lililonyooka, ambalo nililipiga pasi mimi. Hakuwa na mizani nyumbani. Watu wa nje walimtania kila siku, lakini utani ule aliuzoea tangu enzi za mashavu, na haukumwambia tena kama anaongezeka au amebaki palepale. Kitu pekee ambacho kingemwambia ukweli ni kiuno cha suruali yake, na hicho dada alikinyamazisha.

Nilimwambia siku moja, nikiwa na sindano mdomoni, kwamba amwache mtu wake ajue anavyokua. Alinijibu bila kuinua macho kwamba kuambiwa anaambiwa kutwa nzima upande wa pili wa ukuta, na kwamba nyumbani mtu anastahili kupumzika. Mpaka leo sijalipata jibu la maneno yale, na yananikera.

Kisha shemeji akaanza kukata maneno katikati. Alikuwa msimuliaji wa kupindukia, mtu wa kuanzisha kisa mteja akikaa na kukimaliza akimpangusa shingo, lakini tukaanza kumsikia ukutani akisimama kati ya sentensi, kimya, kisha anaendelea. Wateja walidhani anawaweka roho juu kwa makusudi, wakacheka zaidi. Baadaye aliacha kunyoa amesimama, akanunua stuli ndefu. Dada akamshonea mto wa stuli. Miguu yake ikaanza kuvimba jioni, soksi zikamwachia mfereji mzima juu ya kifundo. Dada akatoa lastiki kwenye soksi zote. Viatu vikakataa; dada akamtafutia vya wazi. Usiku hakuweza kulala chali, alisema ni kama anakaliwa kifuani, basi dada akashona mto mkubwa wa mteremko, akaujaza vipande vya kitambaa vya dukani, na mumewe akawa analala nusu ameketi. Alinionyesha mto ule kwa fahari. Ulikuwa umeshonwa kwa ustadi kabisa, kingo zote zimefunikwa.

Unaona ilivyokuwa. Mwili wa yule mtu ulikuwa ukipiga kelele, na kila ulipopiga kelele dada alitafuta uzi.

Aliyewapeleka hospitali ni mimi, kwa ugomvi. Ilikuwa siku ambayo shemeji alitoka mlango wa kushoto kuja mlango wa kulia kuazima pasi yangu, hatua ambazo hata mtoto anazimaliza kwa kutambaa, akafika midomo imegeuka rangi, akashika meza ya cherehani na kushindwa kusema alichokifuata. Nilifunga milango yote miwili. Mteja mmoja alikuwa bado na taulo shingoni. Nilimwambia arudi kesho, na kama hapendi akanyolewe kwingine.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, mpole, mwenye kuvuta kiti na kukaa karibu badala ya kuzungumza kutoka nyuma ya meza. Alimlaza shemeji kwa ubavu, akampaka mafuta kifuani, akapitisha kifaa chake, na moyo ukaonekana kwenye skrini. Sijui mlitarajia nini, lakini mimi nilidhani moyo ungekuwa na umbo la moyo. Ulikuwa mfuko wenye vyumba, unaofumba na kufumbua, na hata mimi nisiyejua kitu niliona kwamba unafumba kwa uvivu.

Alitueleza taratibu. Mwili mkubwa unahitaji damu nyingi zaidi, alisema, na moyo hauna msaidizi. Kila pigo unasukuma mzigo ule, mchana na usiku, hata mtu akilala. Presha inapanda. Kwa miaka mingi ukuta wa moyo unajenga msuli, unakuwa mnene kama mkono wa mbeba magunia, na hapo mtu hasikii chochote, anaweza hata kujiona ana nguvu. Lakini ukuta mnene ni mgumu, haulegei vizuri kupokea damu. Ukiendelea kulemewa, chumba cha chini kinavutika, kinapanuka, na msuli uliovutika hivyo haukamui tena sawasawa. Damu inachelewa, inarudi nyuma, na maji yake yanavujia mapafuni, miguuni, tumboni. Ndiyo maana hawezi kulala chali.

Dada alikuwa ameshika tama. Akauliza swali moja tu, kwa sauti ndogo: ni kama lastiki? Daktari alifikiri, akakubali kwamba si mbali, ila akaongeza kwamba moyo una nafuu kuliko lastiki, kwa kuwa mzigo ukipungua unaweza kurudi kiasi. Hakumlaumu mtu. Alisema unene una mizizi mingi, mwingine mtu anazaliwa nao, mwingine unatoka kwenye usingizi mbaya na kazi za kukaa, na kwamba shemeji si wa kwanza wala hajafanya kosa la jinai.

Kisha akachukua kalamu na kuuliza, kama anavyouliza kila mtu, "Nguo zilianza kukubana lini? Nataka nijue maji yalianza kujaa lini."

Shemeji akajibu kwa uaminifu wote, "Hazijawahi kunibana, daktari."

Daktari alimtazama tumbo, akatazama suruali ya bluu iliyokunjwa kitini, akarudia swali akidhani hakueleweka. Shemeji akarudia jibu. Ndipo dada aliposema, akiitazama sakafu, "Nilikuwa naziachia mimi. Kila mara. Hakujua."

Sitasahau jinsi shemeji alivyogeuza kichwa. Hakukasirika. Alimtazama mkewe kama mtu aliyeishi nyumba moja na mpangaji ambaye hakumfahamu, kisha akacheka kidogo, pumzi ikakatika. Kwenye korido, akisubiri dawa, alimwambia tu, "Kumbe ulikuwa ukinipima miaka yote hii." Dada alilia mbele za watu. Nilimfunika kwa mtandio wangu.

Wakakubaliana. Daktari alikuwa amewapa vidonge vya presha, vidonge vya kutoa maji, na agizo kwamba chumvi na soda ziwe mbali naye. Na alisisitiza kwamba maji yakirudi yatarudi haraka, kwa siku mbili tatu, kwa hiyo suruali ikianza kubana asisubiri miadi, aje siku hiyo hiyo. Dada aliapa hataachia hata uzi mmoja tena. Suruali ndiyo ingekuwa kengele yao.

Ile ilikuwa miezi mizuri, na nataka niiseme vizuri kwa sababu haikuwa mingi. Maji yalitoka, shemeji akashuka. Alianza kwenda kazini kwa miguu, akipumzika kwenye ngazi za benki, na akifika ananiuliza kama nimemwona mwanariadha yeyote akipita. Dada alikaa kwenye cherehani na kufanya kazi ambayo hakuwahi kuifanya kwa mume wake: alipunguza. Aliingiza suruali ya bluu ndani, akashona, shemeji akaijaribu mbele yetu, akageuka kama msichana anayejaribu gauni. Dada alicheka mpaka akafuta macho. Ule mto wa mteremko ukahamia kwenye kiti cha sebuleni. Shemeji alilala chali, na dada naye akalala, maana kwa muda mrefu alikuwa amekesha akimsikiliza anavyopumua.

Lakini watu, jamani. Mtu akinenepa wanamwita Bonge kwa furaha, akipungua wanamtazama kwa jicho la msiba. Kila aliyekaa kwenye kile kiti alimuuliza anaumwa nini. Wengine waliuliza kama biashara imeanguka. Mmoja alishusha sauti na kumshauri akapime, akijua yeye mwenyewe alichomaanisha. Nilitaka kupita ule ukuta wa mbao kama mzimu. Shemeji alieleza habari za moyo mara ya kwanza, mara ya pili, na ya kumi. Baadaye alichoka, akaanza kusema ameacha soda tu.

Halafu kulikuwa na vidonge vya maji. Vinamkimbiza mtu chooni, na choo chetu kilikuwa nyuma ya jengo, mbali. Kinyozi hawezi kumwacha mtu na kichwa nusu. Jumamosi, siku ya foleni, shemeji alianza kuviruka. Dada akimuuliza alijibu kwamba amemeza. Kisha akaviruka na Ijumaa, kwa kuwa nayo ilikuwa na watu. Haya niliyajua baadaye, kwa kuvikuta vimejazana kwenye kopo la poda.

Alikufa asubuhi, kwenye kiti cha wateja, kabla hajawafungulia wateja mlango. Alikuwa ametangulia, akasema anakwenda kusafisha mashine. Sisi tulifika na chai, tukaona taa inawaka ndani na hakuna mluzi. Uso wake ulikuwa kwenye kioo, kuanzia kifuani kwenda juu, ndevu zimechongwa. Gari lilikuja, hospitali wakajaribu, daktari yuleyule mdogo akatoka akakaa karibu na dada kama kawaida yake, na kabla hajafungua kinywa dada alikuwa ameshajua.

Daktari alituambia maji yalikuwa yamejaa mapafuni. Kwa jinsi tumbo lilivyokuwa, alisema, yalianza kurudi wiki mbili au zaidi nyuma. Dada alikataa. Alitikisa kichwa kwa ukali, akasema haiwezekani, suruali ile aliipunguza yeye mwenyewe, ingembana, na ingembana angesema, walikubaliana.

Nguo zake tulipewa kwenye mfuko wa plastiki. Mfuko ulikaa chini ya meza ya cherehani mpaka msiba ulipoisha na watu wakaondoka, kisha siku moja dada akaufungua. Nilikuwa nikichomeka pasi. Alitoa suruali ya bluu, akaigeuza ndani nje, kwa mazoea tu nadhani, akapitisha dole gumba kwenye mshono wa nyuma. Kidole kikasimama. Aliuleta mshono karibu na macho, akausogeza dirishani.

"Huu si mkono wangu," akasema.

Nilitazama. Uzi ulikuwa mweusi, si wa bluu, na mishono ilikuwa midogo na ya kizamani, ya mtu aliyejifunza kazi kabla yetu. Akiba yote ilikuwa imeachiwa.

Nilijua pa kwenda. Mtaa wa pili kuna mzee mmoja anayeshona makoti, tunamwita Mzee wa Makoti, na hakuna mwingine anayetumia uzi mweusi kwa kila kitu. Nilimwendea na hasira zangu zote, nikamwekea suruali mezani, nikamuuliza kama haoni haya. Alivua miwani, akanitazama kwa huzuni tu. Alikiri kwamba kinyozi alimjia, na kwamba alishangaa mume wa fundi kuleta nguo kwa fundi mwingine. Alimuuliza kwa nini.

"Aliniambia hivi," akasema Mzee wa Makoti. "'Mke wangu ameanza kulala sasa. Akiona hii inabana ataanza tena kunisikiliza ninavyopumua. Niachie kidogo tu, mzee, nitajirekebisha.' Nami nikamwachia. Ningejuaje, binti yangu?"

Hasira zikaniishia palepale, na ningependa zisiishe, kwa sababu zilikuwa zikinishikilia. Nilirudi polepole. Nilifikiria kumdanganya dada, kumwambia mzee hakumbuki. Lakini katika nyumba ile watu walikuwa wamefichana vya kutosha. Nikamweleza neno kwa neno, nimesimama mlangoni.

Dada hakulia. Aliitikia kidogo kwa kichwa, kama mtu anayetambua mfano wa nguo aliyowahi kuishona. Kisha akachukua mkasi mdogo, akaanza kuufumua uzi mweusi, mshono mmoja mmoja, bila haraka, akiviweka vipande vyake kwenye kiganja. Alipomaliza, mstari wa mshono wake wa zamani ulikuwa bado unaonekana kwenye kitambaa, yale matundu madogo ya sindano aliyoyaacha siku alipopunguza. Akaweka uzi wa bluu kwenye cherehani na kushona juu ya mstari uleule. Akanipokonya pasi, kazi ambayo si yake, akainyoosha suruali mwenyewe.

Akaishika kiunoni kwa mikono miwili, akaitandaza mbele yake kwa upana wa mtu yule aliyekuwa akipona, akaniita nije nione. Akaweka kidole juu ya kifungo, pale ambapo nilikishona mimi.

"Ingembana hapa," akasema. "Hapa tu."